Maharage Niliyoyafungia

Bukiriro, Jumapili alasiri

Mwanangu Avelina,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na mama yako, umevaa kitenge chake kipya, mnakwenda kumuaga shangazi yako Generoza. Nimewatazama mkishuka hadi kwenye mikaratusi mkapotea. Shangazi yako haruhusu mtu aondoke kwake kabla ya kula, kwa hiyo najua nina muda. Nimekaa mezani, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la mdogo wako Renatus. Mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu, utanisamehe mahali ambapo mwandiko umekwenda upande.

Kesho unakwenda Nemba kuanza kazi ya uuguzi. Mambo ya chandarua, ya godoro, ya watu wa kukaa nao na wa kukaa nao mbali, mama yako amekuambia wiki nzima, na atakuambia tena gari likiwa limeshawashwa. Mimi sitayarudia. Ninachokuandikia ni jambo moja lililotokea katika nyumba hii. Unalijua nusu, na hiyo nusu unayoijua si ya kweli.

Nitakuambia kwa nini nimeandika leo. Jumatano mlikuwa mnapukuchua mahindi, mama yako akakuuliza ilikuwaje ukachagua uuguzi na wakati ulipokuwa mdogo ulitaka ualimu. Ukamjibu, "Mama, si mimi niliyempa Jovin maji ya bondeni? Alianza kuharisha nikiwa nimembeba mgongoni. Nikasema nitasoma nijue." Kisha ukaendelea kupukuchua kama mtu aliyetaja bei ya chumvi. Mama yako alinifuata nyuma ya nyumba, gunzi bado liko mkononi. Akaniambia, "Baba Avelina, miaka kumi na mitatu mtoto anabeba kitu kisicho chake. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Nikasema nitakuambia. Alhamisi nikashindwa. Ijumaa nikaenda shambani mapema ili tusionane. Jana tulikaa wawili kibarazani, nikafungua kinywa, nikakuuliza kama viatu vipya vinakubana. Ukacheka, ukasema, "Baba, mbona umeniuliza asubuhi?" Ndipo nikajua kwamba kwa mdomo siwezi.

Jovin hakuuawa na maji yako, Avelina. Kama unahitaji kulisoma tena hilo, lisome tena, halafu uendelee.

Ili unielewe lazima nirudi nyuma, kabla hujazaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Vuli ya mwaka ule mvua zilichelewa, zikaja siku chache, zikakata. Babu yako, unamkumbuka kidogo, alikuwa mtu mpole asiyeweza kukaa nyumba moja na mtoto anayelia. Chakula kilipoisha alifungua kapu la mbegu, tukala maharage hadi ya mwisho. Katika nyumba yetu hakufa mtu. Hilo naliona leo. Wakati ule nililoliona ni kwamba mvua ziliporudi, wenzetu walikwenda mashambani, sisi tukabaki na majembe yetu uani tukiwatazama.

Babu yako akanipa mikungu miwili ya ndizi nipeleke Lukole nibadilishe na mbegu. Lukole wakati ule ilikuwa kambi. Kilima kwa kilima maturubai, moshi, watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Wakimbizi kutoka Burundi walipewa mgao wa mahindi na maharage, na wenyeji tulikuwa tunakwenda kwenye soko lao kubadilishana. Sisi wenye ardhi tulikuwa tunatafuta chakula kwa watu waliokimbia ardhi yao. Nilifika jua likiwa kali, nikasimama mbele ya mwanaume mmoja aliyekuwa akipima maharage kwa kopo. Alinitazama sana. Akaniambia kwa Kirundi, na Kirundi na Kihangaza chetu si mbali, "Wewe si kijana wa yule mzee wa Bukiriro? Mwaka jana nililima migombani kwenu."

Nikamkumbuka. Alikuwa akilima kutwa, na chakula chake alikula nje karibu na zizi, kwenye jani la mgomba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea, namwekea chini, naondoka bila kumwamkia. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi na sikuwahi kumpa shikamoo.

Alichota makopo manne, akanimiminia kapuni. Nilipomsogezea ndizi akazisukuma. "Mpelekee mzee," akasema. "Mwambie apande." Watu waliokuwa karibu wakacheka. Labda hata hawakunicheka mimi, sokoni watu hucheka. Lakini masikio yangu yaliwaka moto. Nikabeba kapu langu na mikungu yangu nikaondoka bila kusema asante, na njia nzima ya kurudi niliapa kwamba mimi, nikiwa na nyumba yangu, sitasimama tena mbele ya mtu kuomba mbegu. Yule mtu alinitendea wema, nami nikatoka pale nimejifunza ubaya. Jina lake sikuuliza. Miaka mingi baadaye kambi ilipofungwa nilipita pale, nikakuta majani yameota juu ya njia, hakuna wa kumuuliza.

Sasa nije kwenye mwaka wetu, ule ambao wewe ulikuwa na miaka kumi.

Unaukumbuka ukame ule kwa macho ya mtoto. Mimi nitakuambia ulivyokuwa kwa mwenye shamba. Masika ilinyesha vizuri wiki mbili, tukapanda, maharage yakaota, yakatoa maua. Kisha mbingu ikafunga. Nilikuwa naamka naangalia upande wa Burundi, ambako mvua zetu hutokea, naona mawingu yanakaa pale yanatutazama, halafu saa nne hayapo. Maua yalidondoka kabla ya kushika. Mahindi yalisimama mafupi, majani yamejiviringisha kama karatasi. Migomba iliyokuwa imeanza kuugua mnyauko, jua likaimalizia. Kijito cha bondeni kikawa madimbwi, madimbwi yakawa matope, watu wakachimba mashimo na kusubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Tukasema tuvumilie, vuli itakuja. Septemba ikapita. Oktoba ikapita. Wanaume wengi wakaenda Biharamulo na kwingine kutafuta vibarua. Mimi nikabaki, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kulinda.

Nilikuwa na debe mbili za maharage ya mbegu. Niliyachanganya na majivu yasibunguliwe, nikayatia kwenye pipa, nikaliweka stoo, nikanunua kufuli. Ufunguo niliufunga kwenye kamba moja na rozari yangu, nikauvaa shingoni. Niliona kwamba ni mahali pa heshima.

Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo, mara moja kwa siku. Mwanzoni tulikuwa na kisamvu, kisha mihogo nayo ikapukutisha majani. Mama yako maziwa yalimkauka, Jovin akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, akaanza kula ugali ule mkavu kama sisi.

Mama yako aliniomba. Hakuniomba kwa ajili yake hata siku moja. Alisema, "Nipe bakuli moja tu, Baba Avelina. Nimpikie mtoto."

Nikamjibu, "Hayo si chakula. Hayo ni shamba."

"Shamba gani lisilo na mvua?"

"Mvua itakuja. Ikija, tutakwenda kuomba mbegu kwa nani?"

Akasema, "Tutaomba kwa yeyote. Watu huomba."

Hakujua amenigusa wapi. Nilinyanyuka nikatoka. Kila alipoomba nilinyanyuka nikatoka, na baada ya siku kadhaa akaacha kuomba.

Nawe ulifanya jambo ambalo najua hujalisahau, kwa sababu tangu siku ile hujawahi kuingia stoo bila kutumwa. Ulichukua kijiti, ukakipitisha chini ya mlango, ukakwangua kwangua mpaka punje zilizokuwa zimedondoka karibu na mlango zikaja. Zilikuwa tisa. Ulizikaanga kwenye kigae, ukazitafuna moja moja, ukamlisha Jovin kwa mdomo wako kama ndege. Nikakukuta. Nilikata fimbo kwenye mti wa kahawa, nikakuchapa, nikakuita mwizi. Hukulia kwa sauti, ulikuwa unaogopa kumshtua mtoto aliyekuwa mgongoni. Nilikuchapa miguuni kwa sababu mgongoni kulikuwa na Jovin. Naandika hivyo ili ujue kwamba nilimwona. Nilikuwa namwona vizuri kabisa.

Kisha Jovin akaanza kunenepa. Ndivyo nilivyosema mimi. Mashavu yalijaa, miguu ikajaa, nywele zikawa laini, nyekundu nyekundu. Nilimnyanyua nikamwambia mama yako kwa furaha, "Unaona? Mtoto ananenepa kwa muhogo tu. Ulikuwa unanisumbua bure." Mama yako alisogea. Alimshika mguu, akabonyeza kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Pakabaki shimo. Tulilitazama shimo lile sote wawili, likakaa hivyo hivyo, halikujaa. Mimi nikamweka mtoto chini nikasema nina kazi.

Siku aliyoanza kuharisha tulikuwa tumekuachia peke yako. Mama yako alikwenda kupanga foleni ya maji kwenye shimo la mbali, mimi nilikwenda porini kuchimba viazi vya mwitu. Jovin alikuwa na kiu, ukampa maji yaliyokuwa kwenye mtungi, ambayo yalitoka bondeni. Ulitakiwa umpe nini? Asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimeyanywa, vikombe viwili. Mama yako aliyanywa. Wewe uliyanywa. Sisi wote tuliharisha na kupona, mara ngapi, mwaka ule. Umesoma, sasa unajua kuliko mimi kwa nini mtoto aliyevimba miguu anashindwa kitu ambacho wengine wanakishinda. Nadhani ulipokuwa darasani ukifundishwa hayo ulimwona Jovin, na bado ukajilaumu. Ulilaumu maji kwa sababu hakuna aliyekuambia habari ya pipa.

Tulimpeleka kituo cha afya siku ya tatu. Mama yako alitaka twende siku ya kwanza, mimi nikasema tusubiri. Tulipokezana kumbeba. Alikuwa mzito kwa yale maji ya mwilini, na mimi bado sehemu ya kichwa changu ilikuwa inasema, mtoto mzito ni mtoto mwenye afya.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimfunua Jovin, akamtazama miguu, akasema, "Baba, huyu hajanenepa. Huyu amevimba kwa njaa. Anakula nini?"

Nikasema, "Ugali wa muhogo."

"Na nini?"

Nikashika kola ya shati.

"Maharage je? Hata kidogo? Hata kiganja kimoja? Nyumbani hamna kabisa?"

Nikasema, "Hatuna."

Ufunguo ulikuwa hapa kifuani, chini ya shati, pamoja na msalaba. Mama yako alikuwa ameketi pembeni yangu. Alinitazama mara moja, kisha akaangalia sakafu. Hakunisuta mbele ya mgeni. Yule muuguzi akashusha pumzi, akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Angepata maharage tangu mwezi uliopita, tungekuwa tunaongea mengine." Kisha akaanza kazi yake, na aliifanya kwa nguvu zake zote, siwezi kumlaumu kwa lolote.

Jovin alifariki asubuhi ya pili. Alikuwa ameanza kusema maneno matatu, moja lilikuwa jina lako. Alikuwa anakuita Vena. Siku ile ya mwisho alilisema, akigeuza kichwa kukutafuta, nawe ulikuwa huku nyumbani unalinda kuku wawili tuliobakiwa nao. Sijawahi kukuambia hilo pia. Sikujua kama lingekufariji au lingekumaliza.

Kwenye mazishi ndipo nilipokukosea wewe. Mengine yote niliyakosea nikiwa nimepofuka. Hili nililifanya macho yamefunguka.

Katekista alikuwa amemaliza sala. Watu wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye migomba. Shangazi yako Generoza akauliza, kama watu wanavyouliza msibani, "Ugonjwa ulianzaje?" Nikasema, "Alianza kuharisha." Akauliza, "Alikunywa nini?" Nikawa natafuta neno. Wewe ukasema, kutoka nyuma ya mama yako, kwa ile sauti ya kujibu mwalimu, "Maji ya bondeni. Mimi ndiye nilimpa."

Watu wote wakageuka kukutazama. Shangazi yako akapiga ulimi, akasema, "Masikini, mtoto kaachiwa mtoto." Hakuwa na nia mbaya. Palikuwa na kimya kirefu, na kimya kile kilikuwa changu. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno machache tu. Mama yako alinigeukia akinisubiri. Na mimi, Avelina, nilihisi nafuu. Kwa siku tatu kifua changu kilikuwa kimebanwa kama mtu amekikalia, na uliposema "mimi ndiye", kikaachia. Nilivuta pumzi. Nilimwacha mtoto wa miaka kumi anichukulie lawama, nikavuta pumzi.

Tangu siku ile ulianza kuchemsha maji. Ulichemsha ya kunywa, ya kuoshea vyombo, hata ya kunawa miguu, kuni zikiwa shida namna ile. Watu wakakusifu, wakasema binti wa fulani ana akili ya usafi. Nilikuwa nakaa pale pale nakutazama ukipuliza moto, machozi yanakutoka kwa moshi, na nilijua unachokifanya. Alipozaliwa Renatus hukumruhusu mtu kumpa maji bila wewe kuyaonja kwanza. Nilijua. Ukafaulu, ukaenda sekondari, ukaenda chuo, kila mtu alinipongeza, na kila pongezi niliijua ilikotoka.

Siku ya tisa baada ya kumzika, mvua ikanyesha. Ilinyesha kutwa nzima, maji yakateremka mlimani mekundu. Nilitoka na jembe kabla haijakatika. Nilifungua kufuli. Nilipokuwa nimeinamia pipa nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa Mama Novatus, yule mjane wa upande wa pili, na watoto wake watano nyuma yake, wamelowa.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kuomba mbegu. Zangu nilizila. Watoto walikuwa wanalia, nikashindwa."

Nilishawahi kumsema mwanamke yule mbele ya watu wa jumuiya. Niliposikia anapika mbegu zake nilisema hana akili, anakula mwaka ujao. Sasa nikawatazama watoto wake. Walikuwa wamekonda, miguu kama vijiti, kamasi zinawatoka. Niliwahesabu bila kutaka. Walikuwa watano, kama walivyokuwa kabla ya njaa. Nikampa debe moja zima. Alipiga magoti kunishukuru, katika tope, nami nikamwambia kwa ukali ainuke, akadhani nimekasirika.

Maharage yale yalizaa kuliko mwaka wowote. Udongo ulikuwa umepumzika. Tulipovuna, mama yako alipika sufuria ya kwanza, akanipakulia sahani imejaa, akaniwekea mbele. Akasimama. Akasema, "Kula, Baba Avelina. Ndilo shamba lako." Hiyo ndiyo mara pekee aliyonisuta, siku ile na miaka hii yote. Nilikula. Sikuweza kuacha kula akiwa amesimama pale. Nilimaliza sahani, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika, nikarudi nikaketi. Alikuwa ameketi chini analia. Sikujua jinsi ya kumgusa. Ilituchukua zaidi ya mwaka kuweza kukaa tukaongea kama watu, na aliyeanza alikuwa yeye.

Usidhani nakuandikia ili nikwambie kwamba mkulima ale mbegu zake. Mtu akinijia leo na debe mbili na watoto wenye njaa, akiniuliza afanyeje, sina jibu lililonyooka. Tungekula zote, labda mvua ziliporudi tungekwama, nani ajuaye. Lakini bakuli moja kila baada ya siku kadhaa, kwa mtoto mmoja, lisingemaliza debe mbili. Nilikuwa na njia ya katikati na ilikuwa pana. Sikuiona kwa sababu nilikuwa bado kwenye soko la Lukole, kijana wa miaka kumi na saba, masikio yanawaka. Nilidhani nalinda watoto wangu na njaa ya mwaka ujao. Nilikuwa najilinda mimi na aibu ya miaka iliyopita.

Mwaka huu unajua jinsi mvua zilivyo. Umeona mwenyewe mahindi ya Mama Novatus yalivyosimama. Huko Nemba nako wanalima kama sisi, na wanatazama mbingu kama sisi. Kwa hiyo watakuja kwako. Atakuja mama na mtoto mwenye miguu ya kung'aa, na nyuma yake mwanaume aliyekataa kukaa kwenye kiti. Utamuuliza kama nyumbani kuna maharage, atasema hakuna. Nakuomba usimwamini haraka. Na usimpigie kelele, maana ukimpigia kelele mbele ya watu atazidi kufunga. Mtoe nje, msimame wawili tu. Mwambie unajua kwamba kuna vitu mtu anaviweka kwa ajili ya kesho, na kwamba hakuna ubaya kuviweka. Halafu mwambie mtoto anahitaji kiganja kimoja leo. Sijui kama mimi ningekubali. Labda ningekudanganya na wewe. Lakini nafikiri kama mtu angenisemesha pembeni, bila mama yako kunitazama, ningeweza kuutoa ule ufunguo.

Na yule binti wa miaka kumi utakayemwona amesimama mlangoni na mdogo wake mgongoni, usipite bila kumwambia neno. Mwambie amembeba vizuri. Mimi sikukuambia. Ulimbeba vizuri, mwanangu. Ulimbeba mwaka mzima wa njaa, ukiwa na njaa wewe mwenyewe, na kama kuna chochote alichokula katika miezi ile kilichomfaa, zilikuwa punje zile tisa.

Sikuombi unisamehe leo. Mtu hawezi kumpa mwenzake mzigo wa miaka kumi na mitatu alasiri moja na kutaka majibu kabla ya chakula cha jioni. Unaweza kunikasirikia. Unaweza kwenda Nemba ukakaa miezi bila kunipigia simu, na ukimpigia mama yako usiniulizie. Nitakuwa naelewa. Nilichotaka ni usiondoke nyumbani ukiwa na hatia yangu ndani ya begi lako.

Kuna jambo moja zaidi. Kesho asubuhi, kabla ya gari, watu wa jumuiya watakuja kukuombea safari, na shangazi yako atakuwepo. Karibu wote walikuwa kwenye migomba siku ile tulipomzika Jovin. Leo baada ya misa nimemwomba katekista anipe nafasi ya kusema. Nitawaambia Jovin alikufa kwa nini, na nani alikuwa na chakula akasema hana. Nitalisema mbele ya wale wale waliogeuka wakakutazama. Kama hutaki kuwepo, niambie, nitasubiri ukishapanda gari ndipo niseme. Lakini nitasema. Hilo siliachi tena.

Nawaona kwenye mikaratusi, mnapanda. Shangazi yako amewafungashia kitu, umekibeba kichwani, na mama yako anakuja nyuma taratibu, goti lile linamsumbua. Umesimama kumsubiri. Nitakupa karatasi hizi mkononi ukifika, nitakuachia nyumba uzisome kwa utulivu. Mimi nitakuwa chini kwenye migomba.

Mimi,
baba yako, na baba yake Jovin.